Jiko Lililomsubiri Mkwe

Jiko lililetwa Jumatatu asubuhi, na kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Mpatamatu, kitongoji cha wachimba shaba, Mama Lombe alikuwa ameshagombana nalo. Lilikuwa zuri, hakuna aliyebisha. Lilikuwa na plati nne, oveni yenye mlango wa kioo, na vifundo vilivyozunguka kimyakimya kama vya redio ya bei mbaya. Alilizunguka mara ya kwanza akitabasamu. Mara ya pili akakunja uso. Kisha akatoka mbio kumwita dereva wa duka, ambaye alikuwa ameshawasha lori.

"Wewe! Waya uko wapi?"

"Waya gani, mama?"

"Wa kuchomeka ukutani. Au hili linakula kuni?"

Dereva alicheka, jambo ambalo halikumsaidia. Akaeleza kwamba majiko makubwa huja hivyohivyo. Nyuma kuna kifuniko cha skrubu, fundi hukifungua akaunga waya mwenyewe. "Tafuta fundi anayejua, mama. Hili si pasi." Akaondoka na vumbi lake.

Mama Lombe alibaki mlangoni, mikono kiunoni. Fundi anayejua! Hapo ndipo palipomchefua, maana fundi anayejua alikuwa naye, tena wa bure. Chishimba, mume wa binti yake Lombe, alikuwa fundi umeme mgodini. Mtu makini mpaka anakera, anayezima swichi kisha anarudi kuhakikisha kwamba kweli ameizima. Alikaa mtaa wa pili. Angeitwa, angefika kabla chai haijapoa. Lakini angefika akasimama nje, kwa sababu Chishimba alikuwa bado hajaingizwa.

Mkwe wa Kibemba hajiingilii tu nyumbani kwa mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, hasemi naye ana kwa ana. Akiwa na neno humpa mkewe alifikishe. Hukaa hivyo mpaka siku wanawake wa upande wa mke watakapompikia vyakula vyote vinavyostahili, wamwite, wamvushe kizingiti kwa nyimbo. Hiyo ndiyo ukwingisha, na baada yake jikoni kwa mama mkwe ni kwake. Siku hizi wengi wamelegeza. Kuna nyumba hapohapo Mpatamatu ambamo mkwe anajilaza kwenye kochi la mama mkwe akitazama mpira, miguu juu ya meza. Ila Mama Lombe alikuwa kungwi. Nusu ya maharusi wa kitongoji kile walipita mikononi mwake, na aliwahi kumwondoa mwari mkekani kwa kosa la kucheka somo la heshima ya wakwe. Mtu kama huyo hawezi kumpitisha mkwe mlango wa nyuma ati kwa sababu ya skrubu.

Na sherehe yenyewe ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile. Aliiahirisha mwaka mzima kwa ajili ya jiko hili, maana alijiapiza kwamba vyakula vya kumwingizia mkwe wake hatavipika kwa moshi. Alipuliza mkaa enzi za ndoa, akapuliza enzi za ujane, macho yake yalikuwa yameungua vya kutosha. Siku alipolipia jiko, alimgawia Mama Ngosa, kungwi mwenzake, ile mbaula, jiko lake dogo la mkaa, tena kwa madaha: "Chukua, shoga. Mimi huko nimehama."

Sasa mambo yalisimama hivi: mkwe hawezi kuunga jiko mpaka aingizwe, na hawezi kuingizwa mpaka jiko lipike. Mama Lombe alilipindua jambo hilo kichwani kutwa nzima, na kila mara lilimrudia vilevile, kama mtoto mkaidi aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu.

Jioni akaja kaka yake, Kapasa, kuliona jiko. Kapasa alistaafu mgodini, alikokuwa akiendesha winchi ya kushusha watu shimoni, na tangu astaafu hakuna mashine iliyowahi kumtia hofu.

"Hili tu ndilo linakukosesha usingizi, dada? Mimi nimeshusha watu chini ya ardhi na nikawapandisha wakiwa hai. Leo nishindwe na sufuria la umeme?"

"Dereva amesema linataka fundi."

"Dereva! Dereva anajua usukani. Una pasi mbovu humu ndani? Nipe waya wake."

"Kapasa, subiri kwanza. Kesho nitamwita Chishimba."

"Aingie?"

"Hataingia. Atasimama dirishani. Yeye atasema, wewe utafanya."

Kapasa akamtazama dada yake kana kwamba amemvua kofia hadharani. "Mimi nifundishwe na mtoto, kwa dirisha?"

"Ndiyo. Na utanyamaza."

Kesho yake Chishimba alitoka zamu, akaja na mfuko wake wa zana, akasimama nje ya dirisha la jikoni, uso ameuelekeza kwenye ua wa jirani kama mtu anayemngojea kuku wa watu arudi. Ndani, Kapasa alichuchumaa nyuma ya jiko. Katikati yao, karibu na dirisha, alikaa Lombe juu ya stuli, mimba yake ya miezi ya mwisho ikimlemea, amepewa kazi ya kupokea na kupeleka. Mama Lombe alisimama kwenye kona ya mbali, kitambaa begani. Kati yake na mkwewe palikuwa na hatua chache na kioo kilichovunjika zamani, na kila mmoja alimsikia mwenzake hadi pumzi.

"Mwambie mama," Chishimba akasema, "hili jiko halichomekwi kwenye soketi."

"Mama, anasema halichomekwi kwenye soketi."

"Nimesikia. Muulize linachomekwa wapi, kwenye paa?"

"Anauliza, linachomekwa wapi?"

Chishimba akakohoa. "Linataka waya wake lenyewe, mnene, utoke kwenye boksi la umeme, uwe na breka yake ya kuukata umeme ukizidi. Na swichi yake ukutani, pembeni ya jiko, si juu yake, ili likileta balaa mtu aizime bila kunyoosha mkono juu ya sufuria za moto."

Lombe akavuta pumzi ayarudie yote. Mama Lombe akainua kiganja. "Usirudie. Utazaa hapohapo. Muulize, soketi ina kosa gani? Friji iko kwenye soketi, na haijawahi kulalamika."

"Mwambie mama friji inakunywa kikombe, hili linakunywa ndoo. Ukilipitisha kwenye waya ule mwembamba, waya utachemka ndani ya ukuta, na hamtauona mpaka ukuta uanze kunuka."

"Ukuta wa nyumba ya mgodi huu!" akadakia Kapasa toka sakafuni. "Wazungu waliujenga, haujawahi kunuka."

"Mjomba, waya wenyewe una umri wako."

"Na mimi bado nafanya kazi."

Lombe akacheka mpaka akashika tumbo. Mama yake hakucheka. Joto la Oktoba lilikuwa limemgandisha gauni mgongoni, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi kwa ule mgawo usiotabirika, nyama ya jana ilikuwa inaanza kuharibika kwenye friji, na hapa watu wawili wanabishana kwa dirisha juu ya ukuta. Akataka kujua jambo moja tu: je, Jumamosi litapika?

Jibu la Chishimba lilikuja polepole, kwa heshima zote, na kila heshima ilimwongezea mama mkwe wake hasira. Waya mnene hana leo. Lazima kwanza aone umeme unaingiaje nyumbani. Boksi liko ndani, kwa hiyo hawezi kuliona. Ila anaweza kuzunguka nje. Kwa leo mjomba asiunge kitu. Na hata kama umeme haupo, meni swichi ya nyumba nzima izimwe, maana mgawo haupigi hodi unapokwisha.

"Mwambie azunguke," akasema Mama Lombe. "Azunguke mpaka Jumamosi, akipenda."

Chishimba akazunguka. Lombe akaomba ruhusa kwenda msalani. Jikoni wakabaki kaka na dada, na lile jiko limegeuzwa mgongo wazi kama mgonjwa.

"Umeona?" Kapasa akanong'ona. "Vijana wa siku hizi. Kazi ya robo saa, yeye anataka kuibomoa nyumba. Dada, hapa nyuma pana mahali pa nyaya tatu. Waya wa pasi unazo tatu. Kuna nini hapo cha kusomea?"

"Amesema usiunge."

"Amesema, amesema. Huyu mkwe wako anaogopa kivuli chake. Unataka kupika Jumamosi au hutaki?"

Hapo ndipo Mama Lombe alipokosea, na alijua anakosea, lakini alikuwa amechoka. Alichoka kusikia neno subiri. Akamgeuzia kaka yake mgongo, akaanza kuosha sufuria ambayo haikuwa chafu, na kwa Kapasa mgongo ule ulitosha kuwa ruhusa. Nyaya mbili alizifunga barabara. Wa tatu, ule wa kijani na njano, ulikuwa mfupi, haukufika; akaukata, akauweka mfukoni. "Huu ni wa urembo tu," alisema. Akarudisha kifuniko, kikagoma kukaa, akakikandamiza kwa goti. Akachomeka plagi kwenye tundu la pili la soketi ya friji. Meni swichi hakuna aliyeigusa.

Na umeme ukarudi. Friji ikaguna, redio ya jirani ikaanza katikati ya wimbo, na kwenye paji la jiko kikawaka kitaa chekundu.

"Haya!" Kapasa akapiga makofi. "Nani fundi sasa? Nani?"

Mama Lombe alikitazama kile kitaa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mabega yake yakashuka. Alisahau dirisha. Alikuwa peku, sakafu imelowa maji ya kuoshea, sufuria mkononi inachuruzika. Akasogea kuiteleka.

"Mama! Acha! Usiliguse!"

Sauti ilipasua jikoni. Alipogeuka, uso wa Chishimba ulikuwa umejaa dirishani, macho yake yamekutana na ya mama mkwe wake, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu siku ya posa. Mkono mmoja ameupenyeza kati ya vyuma vya dirisha kana kwamba angeweza kumshika kutoka kule. Sufuria ikamponyoka Mama Lombe, ikagonga sakafu, maji yakamrukia Kapasa suruali nzima.

Kwanza alipandwa na hasira, lazima isemwe. Mkwe amemfokea! Kwa jina la mama, bila mke, bila kuinamisha kichwa, kama anavyofokewa mbuzi aliyeingia bustanini. Alifungua mdomo ampe yake. Lakini Chishimba hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameshatoa mfukoni tesita, bisibisi ya kupimia umeme, anampa Kapasa kupitia dirishani.

"Mjomba, shika mpini wa plastiki, kidole kwenye kichwa chake. Gusa ubavu wa jiko kwa ncha tu. Mkono wako usiguse bati. Nimesema usiguse bati!"

Kapasa, kwa mara ya kwanza, alifanya alivyoambiwa. Ncha ikagusa ubavu mweupe wa jiko, mahali pasipo na plati wala kifundo, pale ambapo mwanamke yeyote angeegemeza nyonga akisonga ugali wa nshima. Taa ndogo ndani ya tesita ikawaka.

Bati lilikuwa na umeme. Friji iliendelea kuguna.

"Zima soketi," akasema Chishimba. "Sasa chomoa."

Kapasa akazima, akachomoa. Lombe alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, na Chishimba akageuza uso tena kwenye ua wa jirani, akaanza kumweleza mkewe, sauti imeshuka, kama mtu anayeomba radhi kwa kila neno. Alipozunguka nyuma ya nyumba aliona kibanio cha waya wa ethi ukutani, lakini chini yake hapakuwa na waya. Umekatwa, na kipande kilichokuwa kimefukiwa ardhini kimeng'olewa. Wezi wa shaba. Mji mzima unaishi kwa shaba, na shaba iliyolala nje haikai. Waya ule ndio unaoupeleka umeme ardhini ukikosea njia. Bila huo, umeme wa waya uliobanwa na kifuniko unakaa kwenye bati la jiko, unamngoja mtu. Vitu vyote ndani vitawaka kama kawaida, ndiyo maana hakuna aliyejua.

"Nyuma, upande wa bafu?" akauliza Mama Lombe.

"Anauliza, upande wa bafu?"

"Ndiyo."

Mama Lombe akakaa juu ya stuli ya bintiye. Alikumbuka shimo lililokuwa pale. Aliliona asubuhi moja, miaka mingi nyuma, akawalaani panya buku, akaona udongo umelegea vizuri, akapanda maboga. Yalizaa sana yale maboga. Aliwagawia mtaa mzima.

"Dada," Kapasa akaanza, "labda tukigeuza plagi..."

Mama Lombe akainuka, akachukua kisu cha nyama, akauweka waya wa pasi juu ya ubao, akaukata karibu kabisa na plagi. Akaitupa ile plagi na kimkia chake nje ya mlango. "Nenda kabadilishe suruali," akamwambia kaka yake. "Na ukirudi, uje umenyamaza."

Habari mtaani hazina breki. Kabla Chishimba hajafunga mfuko wake, Mama Ngosa alikuwa ameshafika, chitenge kimefungwa haraka upande mmoja.

"Nimesikia mkwe amekupigia kelele."

"Amenipigia."

"Mbele ya kaka yako?"

"Mbele ya kaka yangu, na jirani, na kuku wake."

Mama Ngosa akashusha pumzi ya mtu anayeanza kazi yake. "Basi kuna mambo mawili, mwenzangu. La kwanza, hili kosa la mdomo lazima alitolee faini kabla ya Jumamosi, la sivyo wanawake watauliza. La pili, kuhusu jiko, mimi nina njia. Wewe toka, njoo kwangu tunywe munkoyo. Yeye aingie, afunge nyaya zake, atoke. Wewe hukuwepo. Mimi sijaona kitu."

"Hujaona kitu mpaka Jumapili, tukitoka kanisani."

"Mimi?"

"Wewe."

Mama Ngosa hakukana. Nje, Chishimba alikuwa amesimama palepale, hajui aende au akae, akisikia kila neno na kujifanya hasikii. Mama Lombe alimwona sikio na nusu ya shavu kupitia dirishani. Njia ya Mama Ngosa ilikuwa nyepesi, na angekuwa mwari ndiye aliyemjia nayo, angemcharaza kwa maneno mpaka alie. Kuingia kwa kuibia si kuingia. Na kumtuma Kapasa tena ilikuwa ni kujichimbia kaburi. Na kuahirisha tena ilikuwa ni kumwacha mjukuu wake azaliwe huku baba yake angali anakula chini ya dirisha kama mpita njia. Kila upande aliogeukia ulimkera, na aliyemkera zaidi ya wote alikuwa yeye mwenyewe, aliyemfungia fundi nje mwaka mzima kwa ajili ya jiko linalomhitaji fundi huyohuyo.

"Kuhusu faini," Mama Ngosa akakumbusha.

"Atoe faini kwa kosa gani? La kunikuta mzima?"

"Mila, mwenzangu..."

"Mila nakufundisha mimi, wewe umeikuta kwangu. Mwanamume ambaye angekaa kimya akaniangalia nikigusa lile bati, huyo ndiye ningemtoza. Huyu ataingizwa Jumamosi kama nilivyosema. Lombe, mwambie mumeo akalale, ana zamu." Maneno yaliyofuata yalimtoka kwa shida kama jino. "Na wewe, shoga, nirudishie mbaula yangu."

Mama Ngosa alikuwa mwema. Alisubiri mpaka afike barabarani ndipo akacheka.

Ijumaa yote, na Jumamosi tangu alfajiri, Mama Lombe alipika uani kwa mkaa. Alipika kuku mzima wa kienyeji asiyevunjwa kiungo, kisamvu cha karanga, dagaa, uyoga mkavu, maharage, kumbikumbi, na chikanda ya mizizi ya porini, iliyokataa kushikana mpaka akaitukana. Moshi ulimfuata kila alikohamishia stuli. Macho yalimtoka machozi, na kila mwanamke aliyekuja kusaidia aliingia jikoni kuchukua mwiko, akaliona jiko jeupe limekaa bure mle ndani, akatoka na swali lilelile: "Kwani hilo haliwaki?" Kufikia jibu la kumi alikuwa anajibu kwa kuonyesha kisu.

Mchana wakamleta Chishimba akiwa ndani ya suti ya kijivu, shingo imebanwa na tai, mkewe pembeni yake. Wakawavusha kizingiti hatua kwa hatua, nyimbo zikipanda, vigelegele vikigonga mabati. Wakamketisha mkekani, wakamfunulia vyungu kimoja baada ya kingine na kumwambia kila kimoja kinasema nini. Mama Lombe akapiga magoti mbele yake, akamnawisha mikono. Mama Ngosa akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Kuanzia leo hii ni nyumba yako. Jikoni kwa mama yako ni kwako. Ukiwa na njaa, ingia. Ukiwa na neno, sema."

Chishimba alikula alichotakiwa kula. Kisha akasimama, akavua koti, akamkabidhi Lombe, akachomoa bisibisi kwenye mfuko wa suruali ya suti, akaelekea kwenye boksi la umeme lililokuwa kwenye korido ya giza kati ya sebule na jikoni. Klaki! Feni ikapunga mara ya mwisho, ikasimama. Muziki ukakatika. Wanawake waliojaa sebuleni wakabaki vinywa wazi, wameshika vipepeo vya mkono.

"Ameingia, ameingia na mgawo wake," akasema Kapasa kutoka kwenye kochi. Hakuthubutu kuongeza.

Mama Lombe alitoka mbio hadi kwenye korido. "Mkwe! Umezima nyumba nzima! Nina wageni wanaiva humu!"

Chishimba kwa mazoea aliinamisha kichwa, kisha akakumbuka, akakiinua. Maneno yake ya kwanza ya halali kwa mama mkwe wake yalikuwa haya:

"Mama, waya huu hauwezi kubeba jiko. Nitavuta mpya kutoka hapa mpaka jikoni, na kule nje nitafukia waya wa ethi chini kabisa, nimwagie zege juu, asiupate mtu."

"Leo?"

"Jumanne."

"Jumanne! Mimi nimelia moshi siku mbili ili uingie, umeingia, unaniambia Jumanne?"

"Jumanne, mama. Na mpaka hapo asiliguse mtu. Leo natazama tu."

Mama Lombe alikuwa na mengi ya kumwambia, na sasa hakuna mila iliyomzuia. Alitazama ule mgongo mpana wa shati, jasho limeanza kulichora, na kichwa kilichoingizwa karibu kabisa na boksi ili kione. Korido ilikuwa giza tupu. Mama Lombe akasonya, akatoa simu kifuani, akawasha taa yake, akainyanyua juu ya bega la mkwewe.

"Kushoto kidogo, mama," akasema Chishimba bila kugeuka.

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwelekeza Mama Lombe mahali pa kusimama. Akasogea kushoto, akilalamika.